Mazida ya Kumbukumbu

Hakuna tokeni ya LUKU inayoanza na 8 wala na 9. Mwenye mita Musoma mjini, Bunda, au kule Butiama karibu na Mwitongo, anaweza kurudi kwenye meseji za umeme alionunua miaka yote akahakikisha mwenyewe: tarakimu 20, na ya kwanza haivuki 7. Si bahati, wala si siri ya shirika la umeme, TANESCO. Tarakimu hizo ni namba moja ndefu iliyojengwa kwa biti 66, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 66 inaanza na 73. Ikiongezwa biti moja tu, tarakimu 20 hazitoshi tena, zinatakiwa 21. Aliyebuni tokeni hii alijaza gunia mpaka mdomoni, akalishona hapo hapo, bila kufanya lumbesa. Nataka kuitumia namba hii ya kila siku, inayobonyezwa kwa kidole gumba kwenye rimoti ya LUKU sebuleni, kutetea jambo ambalo waandishi wa programu za vifaa vidogo hulipita haraka kama suala la mafundi tu: kwamba katika kupanga data hatuwezi kuiita nafasi iliyoachwa wazi uzembe, wala nafasi iliyobanwa ustadi, kabla hatujajua ni nani atakayesoma.

Tuifungue tokeni yenyewe. Mfumo wake ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ukaja kuwa kanuni ya kimataifa inayojulikana kwa herufi STS, na Tanzania ni mojawapo ya nchi nyingi zinazoutumia. Katika biti 66, mbili zinataja jamii ya tokeni, kama ni ya kununua umeme au ya kuipa mita maagizo. Biti 64 zilizobaki zimefungwa kwa ufunguo wa mita moja tu, ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako hata ukiibembeleza. Mita ikizifungua inakuta biti 4 za kutaja aina ya huduma, 4 za nasibu, 24 za muda, 16 za kiasi cha umeme, na 16 za kuhakiki kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Jumlisha, unapata 64 kamili. Hakuna biti iliyokaa bure. Kile kiasi cha umeme nacho kimebanwa kwa hila ya peke yake: biti 14 zinabeba namba, na 2 zinasema namba hiyo ikuzwe mara ngapi. Kwa hiyo mnunuzi wa kawaida anahesabiwa mpaka sehemu ya kumi ya uniti, akilipia uniti 28.1 anapata 28.1 yake, hadi afike uniti 1,638.3. Kutoka hapo hesabu inaruka kwa uniti nzima, kisha kwa kumi kumi, mwishowe kwa mia mia, na hivyo biti 16 zinaweza kubeba zaidi ya uniti milioni moja na laki nane. Usahihi umepewa mwenye kibanda, makadirio yameachiwa mwenye kiwanda. Mimi naona hapo pana uamuzi wa kijamii uliofanywa ndani ya biti mbili, na ni uamuzi mzuri.

Sasa tuingie ndani ya kifaa. Programu nyingi za vifaa vya namna hii huandikwa kwa C, lugha ambayo Kernighan na Ritchie waliitolea kitabu mwaka 1978. Kwa mwandishi wa C, kumbukumbu ni msururu wa baiti, kila moja na anwani yake. Kwa prosesa ya biti 32 picha ni nyingine. Yeye hapendi kuokota baiti moja moja. Huzichukua nne nne, kuanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Fikiria muuza mayai anayebeba kwa trei. Mayai yako yakiwa yote kwenye trei moja, ananyanyua mara moja. Mawili yakiwa mwisho wa trei hii na mawili mwanzo wa trei ile, itabidi anyanyue mara mbili na kuyakusanya mkononi, na wapo wauzaji ambao hawana mkono wa pili: watakataa kabisa. Ndiyo maana kompaila ya C, programu inayotafsiri maandishi ya C kuwa maagizo ya prosesa, inapopanga kile kifurushi cha data kinachoitwa strakti, huacha mapengo ili kila namba ianze mahali prosesa inapoweza kuifikia kwa mkupuo mmoja.

Tuseme tunaandika rekodi ya tukio ndani ya mita: hali ya mita, baiti 1, muda, baiti 4, alama ya kosa, baiti 1, kiasi, baiti 2. Kwa hesabu ya dukani ni baiti 8. Lakini ukizitaja kwa mfuatano huo, kompaila itaweka hali, itaruka baiti 3 ili muda uanze kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, itaweka muda na alama ya kosa, itaruka baiti 1 nyingine, ndipo iweke kiasi. Jumla 12. Theluthi ya rekodi ni hewa. Sasa zitaje upya: muda kwanza, kisha kiasi, hali na kosa. Zinakaa kwenye baiti 8 bila pengo hata moja. Hakuna kilichopunguzwa wala kilichobanwa, mpangilio tu umebadilika. Matukio 200 yangekula baiti 2,400 kwa mpangilio wa kwanza na 1,600 kwa wa pili, na zipo chipu za familia ya Cortex-M0+ ambazo kumbukumbu yake yote ya kazi ni baiti 2,048. Programu moja inaingia, nyingine inabaki nje.

Washairi wetu wana msamiati wa mambo haya kuliko wahandisi wetu. Kipande cha utenzi kina mizani 8, hazizidi wala hazipungui, na neno likigoma kuingia mshairi ana ruhusa zake za zamani. Ana inkisari, ya kulifupisha neno: “nimekuja” linakuwa “mekuja”, mizani moja imeokolewa. Ana mazida, ya kulirefusha: “afya” linakuwa “afiya”, mizani moja imeongezwa. Na ana ruhusa ya kuboronga sarufi, yaani kuyahamisha maneno kutoka kwenye mpangilio wake wa kawaida hadi sentensi ikae. Mwalimu Nyerere, baada ya kung'atuka mwaka 1985 (neno hilo lenyewe alitupatia yeye kutoka Kizanaki), aliigeuza Injili kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Kazi ya aina hiyo ina ugumu wa pekee: maudhui ni matakatifu, huruhusiwi kuyapunguza, kipimo ni cha jadi, huruhusiwi kukipanua. Mwandishi wa programu ya mita yuko mahali pale pale. Data hawezi kuitupa, kumbukumbu hawezi kuiongeza. Mapengo ya kompaila ni mazida. Strakti iliyobanwa ni inkisari. Na kile tulichofanya hivi punde, cha kuutanguliza muda, ni kuboronga sarufi kwa faida.

Naichukua lugha ya washairi kwa sababu kwao hakuna anayeuliza kama inkisari ni bora kuliko mazida. Swali hilo halina maana. Kinachoulizwa ni kama ubeti unaimbika. Mizani haikuwekwa ili kuhifadhi karatasi. Iliwekwa kwa ajili ya sauti na pumzi ya atakayeghani. Msomaji ndiye anayetoa hukumu. Na tokeni ya LUKU inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko strakti yoyote, kwa sababu ina wasomaji wawili. Risiti huziandika zile tarakimu 20 nne nne, makundi matano. Nafasi nne zilizo katikati ya makundi hazibebi habari yoyote, mita haizijui kabisa. Ni mazida matupu, yaliyowekwa kwa ajili ya jicho la binadamu ambalo haliwezi kushika tarakimu 20 kwa pamoja lakini linaweza kushika nne, kuzibonyeza, na kurudi kuchukua nyingine nne. Namba hiyohiyo moja imebanwa hadi biti ya mwisho kwa ajili ya safari, na imeachiwa nafasi kwa ajili ya anayeisoma. Hakuna mgongano hapo. Mgongano huja pale mtu anapodhani kwamba umbo la safarini ndilo liwe umbo la nyumbani.

Na kosa hilo ni la kawaida sana. C yenyewe haina neno la kubana, lakini kompaila kama GCC zimeongeza tamko la kuamuru strakti isiachiwe pengo lolote. Mwandishi aliyepokea ujumbe wa baiti kadhaa kutoka kwenye waya au redio anaona njia ya mkato: anatandika strakti iliyobanwa juu ya zile baiti, kama mtu anayetandika shuka juu ya magunia akaita kitanda, na kuanza kusoma sehemu kwa majina. Inafanya kazi. Kompaila inajua kwamba strakti imebanwa, kwa hiyo inaokota namba baiti kwa baiti na kuziunga kimyakimya. Tatizo linaanza pale mwandishi anapochukua anwani ya sehemu moja ya ndani, tuseme ule muda ulioanzia kwenye anwani ya 1, na kuikabidhi kwa kazi nyingine ya programu inayotegemea namba ya kawaida. Kazi hiyo haijui habari za kubanwa. Inaomba baiti nne kwa mkupuo kutoka anwani isiyogawanyika kwa 4. Kwenye chipu ya Cortex-M4 ombi la kawaida la namna hiyo linapita, na mwandishi anakwenda kulala. Kwenye Cortex-M0, ombi lilelile ni kosa la kusimamisha programu. Kifaa kilichojaribiwa mezani kwa chipu kubwa kinazimika juu ya nguzo kwa chipu ndogo, na aliye chini ya nguzo ataambiwa mita ni mbovu. GCC ilianza kuonya kuhusu jambo hili bila kuombwa katika toleo la 9, mwaka 2019, miaka mingi baada ya watu kuanza kuumia nalo.

Njia ya uhakika haina mvuto. Ujumbe unapofika mlangoni, usome baiti moja baada ya nyingine, uziunge namba kwa kuzisogeza mahali pake, kisha uziweke kwenye strakti ya ndani ambayo imeachwa ipumue. Tokeni inalazimisha jambo hili hata kwa mkaidi: biti 66 haziingii kwenye baiti 8, zinataka 9, na ya mwisho inabaki na biti 6 zisizo na kazi, zile biti mbili za jamii nazo hazikukaa mwanzoni wala mwishoni, zimechomekwa katikati, nafasi ya 27 na 28, na lazima zichomolewe kabla ya kufungua kufuli. Hakuna strakti ya kutandika juu ya kitu cha namna hiyo. Kusoma baiti kwa baiti kunaondoa pia ugomvi wa kale kuhusu ipi itangulie, baiti kubwa au ndogo, ambao mwanasayansi wa kompyuta Danny Cohen aliuandikia mwaka 1980 akiuombea amani. Sisi tungepaswa kuuelewa haraka: tunasema “mia tatu arobaini na tano” tukianza na kubwa, na katika barua hiyohiyo tunaandika siku, mwezi, mwaka, tukianza na ndogo, na hakuna anayepotea kwa sababu kila msomaji anajua yuko sehemu gani ya barua.

Atasema mtu kwamba haya yote ni mabishano ya enzi ya uhaba, na leo kumbukumbu ni bei ya karanga. Ni kweli kwa simu iliyo mfukoni. Si kweli kwa kifaa cha bei ndogo kinachotengenezwa kwa mamilioni, ambako chipu hupimwa kwa senti. Lakini jibu langu kubwa si hilo. Hoja ninayoitetea mara nyingi inadai kumbukumbu zaidi, kwa maana inasema yaachwe mapengo pale prosesa inapoyahitaji. Atasema mwingine kwamba prosesa za kisasa hazijali tena. Kompyuta ya mezani husoma namba popote ilipo. Na hapo pana ukweli nusu. Hata Cortex-M4, inayovumilia ombi la namba moja, haivumilii maagizo yanayochukua namba mbili au zaidi kwa mkupuo kutoka anwani mbaya, na maagizo hayo si mwandishi anayeyachagua. Ni kompaila, ikiamini ahadi kwamba namba ziko mahali pake. Unaweza kuandika programu ikafanya kazi mwaka mzima, ukabadilisha kiwango cha uboreshaji kwenye kompaila, ikaanza kuanguka bila ya wewe kugusa mstari hata mmoja. Kanuni ya C inaliita jambo hilo tendo lisilo na maana iliyowekwa, yaani lolote linaweza kutokea na hakuna wa kumlalamikia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muda: kunakili baiti kwa baiti ni kazi ya ziada. Kwa tokeni pingamizi hili halisimami. Mtu anayebonyeza tarakimu 20 anatumia sekunde nyingi. Prosesa inatumia hatua makumi machache kupanga baiti 9, na inafanya mamilioni ya hatua kwa sekunde. Lakini pale mita inapopima volti maelfu ya mara kwa sekunde, kunakili kila sampuli ni anasa, na hapo nakubali. Vivyo hivyo kwa rejista za chipu yenyewe: aliyeitengeneza ndiye aliyeamua nini kikae wapi, na strakti yako haina budi kumfuata hatua kwa hatua. Hata hivyo kanuni ni ileile. Msomaji amebadilika, amekuwa chuma, na chuma kina matakwa yake.

Wapo pia wanaouliza kwa nini kompaila isipange upya yenyewe, imwondolee mwandishi mzigo. Lugha ya Rust inafanya hivyo, na inafanya vizuri. C imekataa tangu mwanzo: sehemu zitakaa kwa mfuatano uliozitaja. Nikilazimika kuchagua upande nitakaa na C, si kwa ushabiki. Mpangilio uliotajwa waziwazi ni ahadi kwa yeyote atakayeshiriki kumbukumbu hiyo, na aliyeahidi vibaya anaweza angalau kuonyeshwa mstari alipokosea.

Mfano wa mazida, hata hivyo, una mahali unapokatika, na ni vizuri ukatike. Katika ubeti mazida yanasikika. Ukighani “afiya”, ile i ya ziada ina sauti, na kila aliyeko barazani anajua imetoka wapi. Mapengo ya strakti hayana sauti. Lakini kukosa sauti si kuwa matupu. Jina la Mwitongo, nililolitaja mwanzoni, linasikika pamoja na neno matongo, ambalo kwa watu wa Kanda ya Ziwa ni mahali palipokuwa na mji, wenyewe wakahama. Aliyewahi kulima matongo anajua kwamba si patupu. Jembe linagonga jiwe la kusagia, linaibua vigae vya chungu, na minyaa ya ua wa zamani bado inaonyesha zizi lilikuwa upande gani. Pengo la strakti ni matongo ya namna hiyo. Kanuni ya C inasema baiti hizo hazina thamani iliyowekwa, na kwa vitendo maana yake ni kwamba zimebeba chochote alichoacha mpangaji aliyetangulia. Rekodi mbili zenye muda mmoja, kiasi kimoja na hali moja zikilinganishwa baiti kwa baiti zinaweza kuonekana tofauti, kwa sababu mapengo yake yana takataka tofauti. Ukikokotoa alama ya kuhakiki juu ya rekodi nzima, leo itatoka hivi, kesho vile, na mita itadai kwamba kumbukumbu imeharibika wakati hakuna kilichoharibika. Mbaya zaidi ni rekodi kutumwa nje kama ilivyo, pamoja na matongo yake, na ndani ya matongo kukawa na vipande vya ufunguo wa siri uliopita hapo dakika moja kabla. Watunzaji wa Linux wamelazimika kuziba mianya ya aina hii mara nyingi. Dawa ninayoipenda ni ya kuyapa mapengo majina: yatangaze ndani ya strakti kama akiba, yaandikie sufuri, yawe mazida yanayosikika.

Biti zilizobanwa nazo zina matongo yao, ila yako mbele, kwenye wakati ambao bado haujafika. Zile biti 24 za muda ndani ya tokeni zinahesabu dakika tangu Januari 1, 1993. Zinaweza kubeba dakika 16,777,216, ambazo ni miaka 31 na takriban miezi 11. Hesabu ilikuwa inafika ukingoni Novemba 24, 2024, saa 2 na robo usiku. Kwa kuwa mita hukataa tokeni ambayo muda wake umezeeka, ili mtu asiingize tokeni moja mara mbili, hesabu ikirudi sufuri kila tokeni mpya ingeonekana ya zamani na kukataliwa. Ndiyo maana mwaka 2024 wateja wa TANESCO walianza kupokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, na kuelekezwa wayaingize kwa mfuatano. Kundi la tatu lilikuwa umeme wenyewe. Mawili ya kwanza yalikuwa ufunguo mpya wa mita, unaokuja na hesabu mpya ya muda. Na kwa nini mawili? Kwa sababu ufunguo una biti 64, na tokeni moja, ikishatoa nafasi ya maelezo yake na ya kujihakiki, haina pa kuuweka wote. Ulikatwa vipande viwili vya biti 32. Inkisari ya mwaka 1993 ilidai mazida ya mwaka 2024, tarakimu 40 kwa kila mita.

Ni rahisi kusema waliobuni walikuwa wafupi wa kuona. Sidhani. Wangeongeza biti ya 25, muda ungefika 2056, lakini biti hiyo ingetoka wapi? Kufuli la tokeni linafunga biti 64 kwa mara moja, haliongezeki. Wakiinyang'anya sehemu ya kuhakiki, uwezekano wa tokeni iliyokosewa kupita kwa bahati ungekuwa mara mbili, kutoka moja katika 65,536 hadi moja katika 32,768. Wakiinyang'anya sehemu ya kiasi, zile sehemu za kumi za uniti zingemponyoka mnunuzi mdogo mapema zaidi. Tuseme basi wangebuni kufuli pana zaidi na tokeni ya tarakimu 21. Mtu anayenunua umeme mara mbili kwa mwezi angebonyeza tarakimu moja ya ziada mara 768 katika miaka 32. Kwa mpango waliouchagua amebonyeza 40, mara moja. Na hawakuufunga mlango: waliacha njia ya kubadili ufunguo na kuanza hesabu upya, kitu ambacho waliozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili hawakukiacha, tukahangaika nao kuelekea mwaka 2000. Lawama inayobaki ni ndogo lakini ya kweli. Aliyeokolewa bonyezo moja mwaka 1998 na aliyetakiwa kubonyeza 40 mwaka 2024 huenda si mtu mmoja, na huyu wa pili hakuulizwa.

Hesabu mpya inaanzia Januari 1, 2014, na kwa biti zilezile 24 itakwisha Novemba 24, 2045, saa 2 na robo usiku. Kabla ya hapo kuna ukingo mwingine, usio na tokeni ya kuubadilisha. Vifaa vingi vinavyohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa namba ya biti 32 yenye alama ya hasi na chanya vitaishiwa Januari 19, 2038, na ushauri unaotolewa kila mahali ni kupanua muda uwe baiti 8. Kwa kompyuta kubwa ni ushauri usio na gharama. Rudi sasa kwenye rekodi yetu ya mita. Muda wa baiti 8, kiasi 2, hali 1, kosa 1: ni 12, lakini kwenye chipu za ARM namba ya baiti 8 inataka anwani inayogawanyika kwa 8, kwa hiyo kompaila itaongeza mazida 4 mwishoni, ziwe 16, ili rekodi inayofuata nayo ianze mahali pake. Matukio 200 yanakuwa baiti 3,200 kwenye chipu ya baiti 2,048. Ukibana, unapata 2,400, na bado haziingii. Kinachobaki ni kufanya kama STS ilivyofanya, kuusogeza mwanzo wa hesabu. Sekunde zikihesabiwa tangu Januari 1, 2014, katika baiti 4 zisizo na alama ya hasi, zinafika mwaka 2150. Rekodi inabaki baiti 8, muda ukiwa wa kwanza.